Mkono Unaotetemeka: Madaktari Hupataje Mahali pa Kutibu Ndani ya Ubongo?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara kwa watoto, lishe ya mama wajawazito na mambo mengine yanayotukuta kila siku. Mara hii tunaingia mahali tusipozoea, ndani kabisa ya kichwa cha binadamu. Sababu ni swali ambalo sisi wauguzi tunaulizwa na familia zinazotuletea wazee wao hapa Laela. Mzee ana mkono unaotetemeka, mwaka wa tatu sasa. Kijana wake aliyeko Mbeya au Dar es Salaam ameona kwenye simu mtu wa Ulaya akitetemeka hata hawezi kushika kikombe. Daktari akabonyeza kitufe, na mara yule mtu akatulia, akanywa chai yake bila kumwaga. Basi familia inakaa kikao: tuuze ng'ombe wangapi ili baba naye akafanyiwe hivyo?

Swali hilo ni la haki. Lakini kabla ya kulijibu inafaa tuelewe upasuaji wenyewe unafanywaje, maana jibu limo humo humo. Kutoboa fuvu ni kazi ya dakika chache tu. Kazi kubwa, inayochukua saa nyingi na wataalamu wengi, ni kupata mahali penyewe: padogo kama punje ya mahindi, pamejificha katikati ya ubongo ambapo jicho la daktari halifiki.

UGONJWA WENYEWE

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliandika kijitabu juu ya watu sita aliowaona, waliotetemeka mikono wakiwa wamepumzika na waliotembea wameinama kwa hatua fupi fupi. Ugonjwa ukaja kupewa jina lake. Ndani ya ubongo, chini katikati, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Hiyo ndiyo inayofanya mwendo wa viungo uwe laini. Katika ugonjwa wa Parkinson chembe za sehemu ile nyeusi hufa polepole, na kwa wagonjwa walio wengi sababu haijulikani. Dalili zinapoanza kuonekana, chembe nyingi zimekwisha kufa.

Mtetemeko wake una tabia yake. Huanza upande mmoja, mara nyingi mkononi, na huonekana zaidi mkono ukiwa umetulia mapajani. Kidole gumba na cha shahada husuguana kama mtu anayeviringisha tonge dogo la ugali, mara 4 hadi 6 kila sekunde. Mgonjwa akinyoosha mkono kuchukua kitu, mtetemeko hupungua. Akilala usingizi, hutoweka. Pamoja na hayo mwili huwa mgumu, mwendo mzito, uso hukosa tabasamu, sauti hufifia, na mwandiko huwa mdogo. Wapo wazee ambao ugonjwa wao hugunduliwa benki, kwa sababu sahihi imekuwa ndogo hata haifanani tena na ile ya zamani.

Si kila anayetetemeka ana Parkinson. Upo mtetemeko mwingine, ambao tunauona mara nyingi, unaomjia mtu pale anapoinua kikombe au kijiko, nao huweza kurithiwa katika ukoo. Huyu hana ugumu wa viungo wala mwendo mzito. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono. Mlevi aliyeacha pombe ghafla hutetemeka. Na kuna dawa zinazoleta hali inayofanana kabisa na Parkinson: haloperido na klopromazini zinazotolewa kwa magonjwa ya akili, na hata metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika, ikitumiwa kwa muda mrefu. Daktari akiibadilisha dawa hiyo, mgonjwa aweza kupona bila kitu kingine chochote. (Msiiache wenyewe nyumbani, mwacheni daktari aamue.)

Hapa kwetu Tanzania ugonjwa huu ulihesabiwa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kati ya watu zaidi ya 160,000 walipatikana wagonjwa 33. Waweza kusema ni wachache. Lakini zaidi ya robo tatu ya hao walikuwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Walikuwa wakiishi nao tu, wengine wakidhani ni uzee, wengine wakidhani wamerogwa. Sisi wa Sumbawanga, ambao nchi nzima hututania kwa habari ya uchawi, tuna sababu zaidi ya kulisema jambo hili wazi: ni ugonjwa wa ubongo, una jina, una dawa.

KIHARUSI KILICHOFUNDISHA

Sasa turudi kwa Parkinson na wagonjwa wake sita. Mmoja wao alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukapooza. Mkono uliopooza ukaacha kutetemeka. Baada ya siku kadhaa nguvu zikaanza kurudi, na mtetemeko nao ukarudi. Maana yake ni kwamba mtetemeko unapita katika njia fulani ndani ya ubongo, na njia hiyo ikikatwa, unakoma. Tabu ni kwamba nguvu za mkono nazo zilikuwa zimekatika.

Zaidi ya miaka 100 baadaye madaktari walijaribu kuiga kiharusi kile kwa kisu. Walikata sehemu ya juu ya ubongo inayoamuru viungo, au nyuzi zinazoshuka kutoka huko. Mgonjwa aliacha kutetemeka, lakini mkono ukawa dhaifu. Ni kama kuzima kelele ya redio kwa kuivunja. Swali likawa: je, kuna mahali ambapo mtetemeko unapita peke yake, bila nguvu?

Jibu la kwanza lilikuja kwa ajali. Mwaka 1952, huko New York, daktari Irving Cooper alikuwa akijiandaa kukata nyuzi hizo kwa mgonjwa mmoja. Kabla hajakata, mshipa mdogo wa damu ulichanika. Ikambidi aubane ili kuokoa maisha ya mgonjwa, kisha akasimamisha upasuaji. Mgonjwa alipozinduka, mtetemeko na ugumu vilikuwa vimeondoka upande wa pili wa mwili, na nguvu zake zote alikuwa nazo. Kumbe mshipa ule ulikuwa ukilisha sehemu fulani ndani kabisa ya ubongo, na sehemu hiyo ilipokosa damu, mtetemeko ukakoma. Cooper akaanza kuubana mshipa huo kwa makusudi kwa wagonjwa wengine. Baadhi walipata nafuu kubwa, wengine walidhurika, kwa kuwa mishipa ya watu haigawanyiki sawasawa. Ikaonekana kwamba kubana mshipa ni kubahatisha. Lazima kufika mahali penyewe.

BIKONI MBILI

Hebu fikirini shamba kubwa lililoota nyasi ndefu. Umeambiwa kuna jiwe limefukiwa humo, nawe huruhusiwi kufyeka. Utafanyaje? Mpima ardhi atakuambia: tafuta bikoni. Ukijua jiwe liko hatua ngapi kutoka kwenye bikoni kwenda mbele, hatua ngapi kwenda upande, na kina gani kwenda chini, utachimba mara moja na kulipata.

Ubongo nao una bikoni zake. Katikati, kuna vyumba vidogo vilivyojaa maji. Kwenye ukingo wa chumba kimojawapo kuna vikamba viwili vya nyuzi vinavyounganisha upande wa kushoto na wa kulia wa ubongo, kimoja mbele, kingine nyuma. Kutoka kimoja hadi kingine ni milimita 25 hivi, mtu na mtu hutofautiana kidogo. Daktari Jean Talairach wa Paris ndiye aliyewafundisha wenzake kupima kila kitu kutoka kwenye mstari unaounganisha vikamba hivyo viwili, na hadi leo ndivyo wanavyofanya.

Zamani eksirei haikuweza kuonyesha ubongo, ilionyesha mifupa tu. Kwa hiyo waliingiza hewa au dawa maalumu katika vile vyumba vya maji, ndipo umbo la vyumba likaonekana kwenye picha na bikoni zikajulikana. Halafu walifungua kitabu cha ramani. Ramani hizo zilitengenezwa kwa kukata ubongo wa watu waliokwisha kufa katika vipande vyembamba sana na kupima kila sehemu. Ramani ikisema mahali panapotafutwa pako milimita kadhaa kutoka kwenye bikoni, daktari ana hesabu tatu mkononi.

Lakini hesabu peke yake haitoshi, maana kichwa hakina kuta zilizonyooka za kupimia. Ndiyo sababu kikabuniwa kifaa cha fremu. Waingereza wawili, Horsley na Clarke, walitengeneza cha wanyama mwaka 1908. Cha binadamu kilitumika mara ya kwanza mwaka 1947 huko Philadelphia, Marekani, na Spiegel na Wycis. Miaka miwili baadaye Lars Leksell wa Sweden alieleza cha kwake, na hicho tunapenda kukieleza kwa sababu kila mwenye baiskeli atakielewa.

Angalia gurudumu la baiskeli. Spoku zote, zikianzia popote kwenye ringi, zinaelekea kwenye kitovu. Leksell alichukua nusu ya ringi ya chuma akaifunga juu ya fremu iliyobana kichwa cha mgonjwa. Kisha fremu husogezwa kwa zile hesabu tatu hadi kitovu cha ringi kiangukie hasa juu ya mahali panapotafutwa ndani ya ubongo. Baada ya hapo daktari anaweza kuingiza sindano yake kutoka sehemu yoyote ya ringi anayoona salama, akikwepa mishipa ya damu, na ncha itafika kule kule. Fremu za namna hii bado zinatumika leo.

NI MAHALI GANI HASA?

Yapo matatu yaliyo mashuhuri, na kila upande wa kichwa una ya kwake. Kumbukeni kwamba upande wa kushoto wa ubongo huongoza mkono wa kulia, na wa kulia huongoza mkono wa kushoto.

La kwanza ni kipande kidogo cha thalamasi. Thalamasi ni nundu mbili zilizoko katikati ya ubongo, mithili ya mayai madogo, ambazo hupokea habari za mwili na kuzipeleka juu. Kipande kinachotafutwa kiko milimita 14 hivi kutoka mstari wa katikati ya kichwa, na milimita 5 au 6 mbele ya bikoni ya nyuma. Pakitibiwa hapo, mtetemeko hukoma vizuri sana, lakini ugumu na uzito wa mwendo hubaki karibu vile vile.

La pili ni kiini kilicho chini ya thalamasi, hiki ndicho chenye ukubwa wa punje au harage dogo. Kiko milimita 12 hivi kutoka katikati, nyuma kidogo ya katikati ya bikoni mbili, na milimita 4 hivi chini ya mstari. Hiki hakikujulikana tangu mwanzo. Mwaka 1990 Mmarekani Mahlon DeLong na wenzake walionyesha kwa nyani wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson kwamba kiini hiki hufanya kazi kupita kiasi dopamini inapopungua, na kwamba kikinyamazishwa, nyani hupata nafuu: mtetemeko, ugumu na uzito wa mwendo vyote hupungua.

La tatu ni palidamu, iliyo pembeni zaidi, kama milimita 20 kutoka katikati. Hii huwafaa hasa wagonjwa ambao dawa za miaka mingi zimewaletea kujinyonganyonga kwa viungo. Chini yake tu hupita mishipa ya macho. Ukizidisha kina kwa milimita chache, umegusa macho ya mtu.

Hapo ndipo mnaona kwa nini hesabu za ramani hazitoshi. Ramani ilitokana na ubongo wa mtu mwingine. Kukosea milimita 2 au 3 kwatosha kufanya upasuaji usisaidie, au ulete madhara. Tena, tundu likishafunguliwa, maji kidogo huvuja, hewa huingia, na ubongo hujisogeza chini kidogo. Bikoni zenyewe zimehama.

KUUSIKILIZA UBONGO

Mapema katika miaka ya 1960, huko Paris, mwanasayansi Denise Albe-Fessard akishirikiana na daktari Gérard Guiot walianza kuteremsha ndani ya ubongo waya mwembamba mno unaoweza kunasa umeme wa chembe zilizo kwenye ncha yake. Umeme huo hupelekwa kwenye kipaza sauti, na watu wote katika chumba cha upasuaji wanasikia.

Nasi tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza tulistaajabu, maana kila sehemu ya ubongo ina sauti yake. Ni kama kuzungusha kitufe cha redio usiku: mara kimya, mara mikwaruzo, mara stesheni. Waya ukishuka kuelekea kiini kile kidogo, kwanza husikika milio michache ya thalamasi. Halafu panakuwa kimya. Kisha ghafla huja kelele nzito, kama mvua juu ya bati: wameingia kwenye kiini. Wakiendelea kushuka milimita chache kelele hukata, na baada yake husikika mlio wa haraka usiobadilika wa ile sehemu nyeusi. Kwa hiyo wanajua mahali kiini kinapoanzia na kinapoishia, kwa milimita na sehemu zake.

Ndani ya thalamasi huwa ajabu zaidi. Zipo chembe zinazolia kwa mapigo yale yale ya mkono unaotetemeka: mkono tik-tik-tik, na kipaza sauti nacho tik-tik-tik. Daktari akikunja kiwiko cha mgonjwa, chembe nyingine huitikia. Wakisogea nyuma kidogo, chembe huitikia mtu akiguswa mdomo au vidole kwa brashi. Hapo wanajua wamepita, hiyo ni sehemu ya hisia za ngozi. Karibu na palidamu huwasha tochi mbele ya macho ya mgonjwa na kusikiliza kama mishipa ya macho inajibu.

KUMWULIZA MGONJWA MWENYEWE

Wengi mtashangaa kusikia kwamba katika upasuaji huu wa kawaida mgonjwa yuko macho. Ngozi ya kichwa hupigwa ganzi. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Dawa zake za Parkinson husimamishwa tangu usiku uliotangulia ili mtetemeko uonekane wote. Hayo ni mateso kidogo, na hapo ndipo muuguzi anapohitajika, kumshika mkono, kumlowesha midomo, kuzungumza naye kwa saa nyingi.

Waya ukishafika, hupitishiwa umeme kidogo. Mkono ukiacha kutetemeka hapo hapo, pamepatikana. Mgonjwa huambiwa achore mduara kama konokono, ahesabu, ataje miezi ya mwaka. Akisema vidole na midomo inamchonyota kwa ganzi isiyoondoka, waya uko nyuma mno. Ulimi ukiwa mzito au uso ukivutwa upande, waya umekaribia mno nyuzi za nguvu. Akiona vimulimuli, wako karibu na mishipa ya macho. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe ndiye anayewaambia madaktari kama wamefika.

Kwa miaka mingi umeme huu ulikuwa wa kupimia tu. Pakishapatikana mahali, walipachoma kwa joto au kupagandisha kwa baridi kali, na kilichochomwa hakirudi. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid alikuwa akipima hivyo kabla ya kuchoma. Aliona kwamba umeme wa mapigo ya haraka, 100 na zaidi kwa sekunde, ulizuia mtetemeko, na ukizimwa mtetemeko unarudi, hakuna kilichoharibika. Akawaza: kwa nini tuchome? Tuuache waya humo, tuunganishe na betri iliyofukiwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga. Ndicho hicho kitufe mlichokiona kwenye simu. Umeme ukizidi, hupunguzwa, ukipungua, huongezwa. Mwaka 2014 Benabid na DeLong walitunukiwa pamoja tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi hiyo.

Siku hizi picha za MRI zimesaidia sana. Kiini kile kidogo kina madini ya chuma, kwa hiyo huonekana cheusi kwenye picha, na daktari anapima ubongo wa mgonjwa huyu huyu badala ya kutegemea ramani ya marehemu. Vituo vingine sasa hufanya kazi yote mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Upo pia mtindo wa mawimbi ya sauti usiotumia kisu: mgonjwa huvalishwa kofia yenye vyanzo 1,024 vya mawimbi, ambayo yote hukutana mahali pamoja ndani ya ubongo na kupachoma, kama kioo cha lenzi kinavyokusanya jua hadi karatasi iwake. Marekani uliruhusiwa mwaka 2016 kwa mtetemeko wa kurithi na mwaka 2018 kwa mtetemeko wa Parkinson. Hata hapo wanaanza kwa joto dogo lisilodhuru, wanamwuliza mgonjwa, wanautazama mkono, ndipo wanaongeza.

TUUZE NG'OMBE?

Tukifika hapa twaweza kulijibu lile swali. Jibu letu ni: bado, msiuze.

Kwanza, upasuaji huu hautibu ugonjwa. Chembe zinaendelea kufa. Unachofanya ni kutuliza dalili, na si dalili zote. Kuna kanuni ambayo familia inaweza kuielewa kirahisi: kile ambacho dawa ya levodopa inakipunguza, upasuaji nao waweza kukipunguza, kile ambacho dawa haigusi, upasuaji nao hautagusa. Mtetemeko ndio pekee unaoweza kutulia kwa upasuaji hata kama dawa imeshindwa. Mzee anayeanguka anguka, anayesahau watu wa nyumbani kwake, au anayeona vitu visivyokuwepo, huyo aweza kudhurika zaidi kuliko kusaidika. Maana yake ni kwamba kabla ya upasuaji lazima mgonjwa awe ametumia levodopa kwa kipimo cha kutosha, na majibu yake yajulikane. Wagonjwa wengi wanaofika kwetu hawajaionja hata siku moja.

Pili, hatari ipo. Kati ya wagonjwa 100, mmoja au wawili hutokwa damu ndani ya ubongo, na wachache hupata maambukizo kwenye waya au betri.

Tatu ni jambo ambalo hakuna anayelisema kwenye simu. Baada ya waya kuwekwa, umeme lazima urekebishwe mara kwa mara kwa miezi ya kwanza, na mtaalamu mwenye mashine yake. Betri ya kawaida huisha baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi, ikatakiwa nyingine. Ile ya kuchaji hudumu zaidi, lakini yataka umeme wa uhakika nyumbani. Vifaa peke yake ni makumi ya maelfu ya dola. Mtu wa Laela aliyewekewa betri India, nani atamrekebishia akirudi? Tunajua familia inaweza kuuza ng'ombe wote kwa safari ya kwanza. Safari ya pili ya betri hatujui itauza nini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua kama kweli ni Parkinson. Hilo hujulikana kwa daktari kumchunguza mgonjwa kwa macho na mikono yake. Wengi hawahitaji hata MRI. Anzeni hospitali iliyo karibu, ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa Sumbawanga, na ikibidi Mbeya, Muhimbili au KCMC Moshi. Levodopa iliyochanganywa na kabidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inywewe nusu saa au saa nzima kabla ya chakula, kwa sababu nyama, maziwa na maharage huizuia kuingia mwilini vizuri. Kwa sisi wa Ufipa ambao maharage yako mezani kila siku, hili si jambo dogo. Wazee kadhaa waliodhani dawa haifanyi kazi walikuwa wakiinywa pamoja na mboga yao. Isikatishwe ghafla hata siku moja. Ile nyingine, benzeksoli, husaidia mtetemeko wa walio na umri mdogo kidogo, lakini wazee huwachanganya akili na kuwafunga mkojo.

Baadhi wametuuliza juu ya upupu. Ni kweli mbegu za upupu zina levodopa ya asili, na watafiti wamezipima kwa wagonjwa. Lakini mbegu hii na ile hazilingani, na mtu wa kuchemsha nyumbani hajui amekunywa kiasi gani. Wengine hutapika, wengine huanza kuona watu wasiokuwepo. Asiyechunguzwa na daktari asijaribu. Na anayeutumia tayari amwambie daktari, asifiche, kwa kuwa pamoja na vidonge dawa huzidi.

Siku ya kwenda kliniki, mpelekeni mzee pamoja na mtu anayeishi naye. Andikeni kwenye karatasi mtetemeko ulianza mwaka gani, mkono upi, na kama hutokea mkono ukiwa umetulia au ukifanya kazi. Chukueni maboksi na karatasi za dawa zote anazotumia, hata za kienyeji. Kama kuna barua au daftari aliloandika miaka mitano iliyopita, libebeni pia, daktari atamwomba aandike mstari mmoja chini yake.